Kisabengo, mtekaji aliyejenga mji chini ya Uluguru

Mji wetu "kasoro bahari" una historia ndefu kuliko reli na majengo ya Wajerumani. Kabla ya hayo palikuwa na Kisabengo.

Alikuwa Mzigua, mtoto wa watu wa kawaida. Hakurithi utawala kwa mtu. Alikuwa na nguvu za mwili na ulimi wa kuvuta watu, nao watumwa watoro wakamfanya kiongozi wao. Sultani wa Zanzibar alipomtafuta, alikimbilia Ukami. Huko aliwashambulia Wakami mpaka wakamwachia ardhi kubwa yenye rutuba katika bonde la Ngerengere. Ndivyo ilivyokuwa hata Ulaya: Rollo, kiongozi wa Waviking, alipewa ardhi ya Normandy na mfalme wa Wafaranki mwaka 911 ili uvamizi ukome.

Burton, aliyepita njia ya misafara mwaka 1857, alimtaja Kisabengo kuwa mtekaji wa watu. Hapo ndipo ninapokwama. Kiongozi wa watu waliokimbia utumwa aliwatia wengine utumwani! Wapo wanaomsifu kama mwanzilishi tu na kuliruka jambo hili. Mimi naona waliotekwa nao ni sehemu ya historia ya mji.

Na mji aliujenga kweli. Aliuita Simbamwenni: ukuta wa mawe, minara minne, milango ya mbao zilizochongwa kwa nakshi. Stanley alipofika mwaka 1871 alikadiria wakazi 3,000 hadi 5,000.

Kisabengo alikuwa ameshafariki. Mwishoni mwa maisha yake alijiita kwa jina la mji, akamwachia binti yake mkubwa utawala pamoja na jina hilo. Binti huyo hakuwa mtu wa kuchezewa. Alimdai Stanley hongo, na watu watatu wa msafara waliorudi kumtafuta mpishi mtoro aliwatia ndani, akabaki na bunduki zao.

Mwaka 1872 mto ulifurika. Maji yalibomoa ukuta wote wa mbele na kuzoa nyumba kama hamsini, mtawala akakimbia.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1882, Mapadri wa Roho Mtakatifu walipanda kutoka Bagamoyo, walikokuwa wakiwakomboa watumwa tangu 1868, wakafungua misheni hapa Morogoro.