Bibi Elizabeth Blackwell, Mganga wa Wanawake na Watoto

Bibi Elizabeth Blackwell alizaliwa tarehe 3 Februari mwaka wa 1821 katika mji wa Bristol, Uingereza. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kusafishia sukari, naye alikuwa mcha Mungu aliyechukia utumwa. Binti zake aliwasomesha sawasawa na wana wake wa kiume, jambo lisilokuwa desturi siku zile. Mwaka wa 1832 jamaa yote ikahamia Marekani. Mwaka wa 1838 baba akafa, akamwacha mjane na watoto tisa bila fedha. Basi Elizabeth na mama yake na dada zake wakafungua shule ili wapate riziki.

Hapo kwanza Elizabeth hakupenda uganga hata kidogo. Lakini mwanamke mmoja, rafiki yake, aliyekuwa karibu kufa kwa ugonjwa wa ndani, alimwambia ya kuwa taabu yake ingalipungua kama angalitibiwa na mganga mwanamke. Neno hilo likamkaa moyoni. Akaomba kuingia vyuo vingi, akakataliwa. Katika chuo cha Geneva, katika jimbo la New York, waalimu waliwaachia wanafunzi shauri hilo, nao wakidhani ni mzaha wakakubali wote. Hivyo akapokewa mwaka wa 1847, na tarehe 23 Januari 1849 akapewa shahada ya uganga, mwanamke wa kwanza kuipata katika Marekani.

Nia yake ilikuwa kuwa mpasuaji. Akaenda Paris, akaingia hospitali kubwa ya uzazi iitwayo La Maternité, akajifunza pamoja na wasichana waliofundishwa ukunga. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule alikuwa akiosha macho ya kitoto kichanga yaliyojaa usaha, maji yale machafu yakamrukia jichoni. Baadaye macho yake mawili yakavimba na kufumba. Akalala kitandani majuma matatu, hajui kama ataona tena. Jicho la kuume likapona, bali la kushoto likafa, na mwaka wa 1850 likatolewa, akatiwa jicho la kioo. Kwa jicho moja aliona hawezi kushika kisu cha upasuaji. Basi tumaini lake likakatika pale.

Wengi wangalirudi nyumbani, lakini yeye hakurudi. Alikwenda London kujifunza katika hospitali ya Bartholomew Mtakatifu, kisha mwaka wa 1851 akarejea New York. Huko wagonjwa hawakumjia, na wenye nyumba hawakutaka kumpangisha mganga mwanamke. Mwaka wa 1853 akafungua mahali padogo pa kutolea dawa katika mtaa wa maskini, na mwaka wa 1854 akamchukua msichana yatima, Kitty Barry, akamlea. Huyo akakaa naye mpaka mwisho.

Tarehe 12 Mei 1857, pamoja na ndugu yake Emily na mganga Marie Zakrzewska, alifungua hospitali ya wanawake maskini na watoto, ambamo waganga wenyewe walikuwa wanawake. Emily alikuwa mpasuaji hodari. Kazi ambayo Elizabeth hakuweza kuifanya kwa ajili ya jicho lake, ndugu yake aliifanya.

Tena Elizabeth alikuwa ametambua kwamba dawa peke yake haitoshi, maana mgonjwa aliyepona alirudi kwenye chumba kile kile chenye uchafu na hewa mbaya. Kwa hiyo hospitali ikatuma watu waende majumbani kuwafundisha akina mama usafi, kupika chakula na kulea watoto. Mmoja wao alikuwa Dr. Rebecca Cole, mwanamke wa asili ya Kiafrika aliyepata shahada yake mwaka wa 1867. Mwaka wa 1868 wakafungua na chuo cha uganga cha wanawake, na Elizabeth mwenyewe akafundisha somo la afya. Mwaka wa 1869 alirudi Uingereza, na mwaka wa 1874 akasaidia kuanzisha chuo cha namna hiyo mjini London. Alifariki Hastings tarehe 31 Mei 1910, akazikwa Kilmun katika Scotland.

Ugonjwa ule wa macho ya watoto wachanga ulipatiwa kinga katika miaka ya 1880, yaani matone ya dawa yatiwayo machoni mara mtoto azaliwapo. Tangu hapo watoto wengi wameokolewa na upofu.

Enyi waalimu na wazazi, mwanafunzi akipatwa na ugonjwa au kilema, tusiseme upesi kwamba kazi yake imekwisha. Bibi huyu alifungiwa mlango alioutaka, akaingia kwa mlango mwingine, na kwa mlango huo akina mama wengi walipita nyuma yake.