Padri na Njegere Zake



Nilipokuwa kidato cha tatu, ubishi mmoja haukwisha bwenini: je, mtu aweza kusoma sayansi na imani yake ikabaki salama? Mimi, mtoto wa katekista, niliingiwa na hofu hata nikataka kuliacha somo la baiolojia. Aliyenirudisha ni marehemu wa siku nyingi, Gregor Mendel.

Mendel alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, katika nchi iitwayo leo Jamhuri ya Cheki. Baba yake alikuwa mkulima. Karo ilikuwa shida, hata dada yake mdogo akatoa sehemu ya mali aliyowekewa ya kuolewa ili kaka asome. Mwaka 1843 aliingia monasteri ya Mtakatifu Tomaso mjini Brno, akapewa upadri mwaka 1847. Mwaka 1850 alifanya mtihani wa ualimu, akaanguka. Vijana, msikate tamaa! Monasteri ilimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna, akasoma fizikia, hisabati na elimu ya mimea tangu 1851 hadi 1853.

Kuanzia 1856 hadi 1863 alipanda njegere katika bustani ya monasteri, miche ipatayo 28,000, akiichavusha kwa mkono na kuhesabu. Alipochanganya njegere za mbegu za mviringo na zile za mikunjo, kizazi cha kwanza kilitoa za mviringo tupu. Katika kizazi cha pili mikunjo ikarudi: mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 za mikunjo, yaani karibu tatu kwa moja. Basi tabia ya mzazi haipotei kama sukari katika chai. Hujificha, kisha ikatokea kwa wajukuu.

Alitoa matokeo hayo mbele ya chama cha elimu ya viumbe mjini mwake mwaka 1865, yakachapishwa 1866. Wachache mno waliyajali. Mwaka 1868 akachaguliwa kuwa abate, na kazi za uongozi pamoja na mzozo wa kodi na serikali vikamla muda. Alifariki tarehe 6 Januari 1884. Mwaka 1900 ndipo wataalamu wa Ulaya walipoifufua kazi yake.

Kitabu cha Darwin alikisoma kwa Kijerumani, akakitia alama kwa mkono wake; na upadri hakuuacha.

Sidai kwamba maisha ya mtu mmoja yamemaliza ubishi. Wanasayansi wasio na dini wapo, na waumini wanaoiogopa sayansi wapo. Ila niliona kwamba alipotaka kujua urithi wa njegere, alikwenda bustanini kuhesabu, wala hakudhani kwamba kwa kuhesabu anamkosea Mungu.

Nilipokwenda likizo nilimsimulia baba habari hizi, nikingoja kukemewa. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama mahindi yake nayo hufuata hesabu hiyo. Nilibaki na baiolojia.