Maisha ya Bwana Traugott Bachmann, Mishenari wa Mbozi

Sisi tukaao Uyole tumezoea kuona njia mbili zikiachana: moja yaelekea Rungwe, na nyingine yapita Mbeya kwenda Mbozi. Mtu tunayemkumbuka katika jubilei hii alifanya kazi ya Injili pande hizo zote mbili. Jina lake ni Traugott Bachmann, wa Kanisa la Moravian.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1865. Wamishenari wa kwanza wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na baada ya muda mfupi Bachmann naye akawafuata. Mwaka 1899 alikwenda kwa Wanyiha, akaanzisha kituo cha Mbozi.

Hapo kwanza alikuwa mtu mkali. Aliziona desturi za wenyeji kuwa giza tupu, naye akajifanya mwamuzi wao. Lakini ili kulifasiri Neno la Mungu ilimpasa kujifunza Kinyiha. Na ajifunzaye lugha hana budi kukaa kitako na kuwasikiliza wenye lugha. Alipowasikiliza wazee miaka mingi, moyo wake ukaingiwa na shaka. Hakuwa na shaka juu ya Mungu. Shaka yake ilikuwa juu ya hukumu zake mwenyewe. Yale aliyoyakataza, je, Kristo ndiye aliyeyakataza, ama ni mazoea ya Ulaya tu?

Jambo zito lilikuwa ndoa. Misheni nyingi zilimtaka mume mwenye wake wengi abaki na mke mmoja kabla ya kubatizwa. Basi wale wengine waende wapi, na watoto wao walelewe na nani? Bachmann akaona si haki mume aingie kanisani kwa kuivunja nyumba yake. Mawazo hayo hayakuwapendeza wote, wala yeye hakuyaacha.

Agano Jipya la Kinyiha lilichapwa mwaka 1913. Mwaka uliofuata vita vikaanza, na mwaka 1916 Waingereza walipoiteka nchi, kazi yake Mbozi ilikoma. Kundi likabaki mikononi mwa walimu na wazee wa Kiafrika, nalo halikutawanyika. Hapo ikadhihirika kwamba mbegu ilikuwa imeota katika udongo wa nchi yenyewe.

Bachmann alifariki mwaka 1948. Habari za maisha yake, alizoziandika mwenyewe, zilitolewa kitabu mwaka 1957, na jina la kitabu hicho lakiri kwamba aliwakwaza watu wengi.

Enyi walimu, msiiogope kila shaka. Iko shaka imwondoayo mtu kwa Mungu, na iko shaka imwondoayo mtu katika kiburi chake. Hii ya pili haikumpunguzia Bachmann imani, bali ilimfundisha kuwasikiliza wale aliotumwa kuwafundisha. Nasi tuwasikilize wanafunzi wetu na wazee wetu kabla hatujawahukumu.