Mwana wa Kisiwa na Elimu ya Nafsi

Kihesa ni mtaa wa mji wa Iringa, na ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho kabla ya mwaka 2013 kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Tumaini. Miongoni mwa wanaosoma hapo wako vijana wa saikolojia na ushauri nasaha, na msomi wa fani hiyo, popote alipo, hawezi kuikwepa nadharia ya uchanganuzi wa nafsi. Nadharia hiyo inashikilia kwamba sehemu kubwa ya nafsi ya mtu imefichika hata kwa mwenyewe, na kwamba tabibu huweza kuifikia kwa kuyasikiliza maneno ya mgonjwa na ndoto zake. Ilianzia Vienna kwa Sigmund Freud mwishoni mwa karne ya 19, ikaendelezwa na kupingwa na Alfred Adler na Carl Jung, kisha huko Ufaransa ikaendelezwa na Jacques Lacan. Majina hayo hukaririwa sana nyakati za mitihani. Sisi leo tunapenda kumweleza mtu mwingine aliyeisoma nadharia hiyo chuo kikuu, akaipokea, halafu akaidai itoe hesabu kwa watu waliotawaliwa. Huyo ni Frantz Fanon. Wengi wanamkumbuka kama mwandishi wa mapinduzi, lakini kazi yake aliyoisomea ilikuwa utabibu wa akili, na kwao kulikuwa kisiwani.

Alizaliwa tarehe 20 Julai, 1925, katika mji wa Fort-de-France, kisiwa cha Martinique, bahari ya Karibi. Baba yake alikuwa mtumishi wa forodha, na mama yake alikuwa na duka. Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba hawana haja ya kufafanuliwa nini maana ya kisiwa cha mashamba na bandari, ambacho wengi wa watu wake ni vizazi vya watumwa, na ambamo rangi ya mtu ilipima hadhi yake kabla hajafungua kinywa. Mtoto wa Martinique alifunzwa shuleni kwamba wahenga wake ni Wagauli weupe, na kwamba Krioli inayosemwa nyumbani kwao ni lugha ya kuonewa haya. Wazee wetu walipolichukua neno kasumba, ambalo asili yake ni dawa ya kulevya, wakalitumia kwa fikra za mtu aliyezoea kutawaliwa, walikuwa wamekwisha uona ugonjwa ule ule. Fanon alikuja kuutafutia tiba.

Katika mwaka ule ule wa 1925, Jung mwenyewe alishuka Mombasa akafunga safari hadi Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda. Akitumia Kiswahili chake cha kuokoteza, alikaa barazani na wazee na kuwauliza ndoto zao. Wakanyamaza. Hatimaye mganga mmoja mkongwe alimweleza kwamba zamani waganga waliota ndoto zilizowaongoza watu katika vita, maradhi na mvua. Lakini tangu Waingereza waingie ndoto zile zimekoma, kwa sababu Mkuu wa Wilaya anajua kila kitu. Jung aliyasimulia hayo katika kumbukumbu za maisha yake, akaona humo kuporomoka kwa ulimwengu wa kale. Kwa maoni yetu mzee yule alikuwa ametoa mhadhara mzima kwa maneno machache: dola ilikuwa imeingia hata katika usingizi wa raia wake. Mwanafunzi wa kuuelewa mhadhara huo alikuwa bado mchanga, huko ng'ambo ya pili ya bahari.

Mwaka 1944 Fanon alijiunga na jeshi la Wafaransa Huru kupigana na Unazi, akajeruhiwa vitani na kupewa nishani. Afisa aliyemtaja kwa sifa alikuwa Raoul Salan, ambaye baadaye alikuja kuwa jemadari wa majeshi ya Ufaransa nchini Algeria. Vita vilipokwisha alirudi kwao kwa muda mfupi, kisha mwaka 1946 akaenda Ufaransa na kuingia chuo kikuu cha Lyon kusomea udaktari. Elimu ya magonjwa ya akili iliyofundishwa hapo wakati ule ilijishughulisha zaidi na ubongo na neva. Freud, Adler na Lacan aliwasoma kwa juhudi yake mwenyewe, na akawa anakwenda kusikiliza mihadhara ya falsafa ya Maurice Merleau-Ponty.

Alipofika wakati wa kuandika tasnifu, aliandika juu ya nafsi ya mtu mweusi katika dunia iliyopangwa na mweupe. Profesa wake akaikataa. Fanon hakubishana, alikaa akaandika tasnifu nyingine, juu ya ugonjwa wa kurithi wa mfumo wa neva, akafaulu nayo mwaka 1951. Ile iliyokataliwa ilichapishwa Paris mwaka 1952, na ndicho kile kitabu maarufu juu ya ngozi nyeusi na barakoa nyeupe. Leo vyuo vikuu vya dunia nzima hukifundisha, na hatudhani kama wako wengi wanaoikumbuka ile tasnifu iliyompatia shahada.

Ndani ya kitabu hicho imo sura ambayo ingefaa isomwe na kila mkazi wa Bahari ya Hindi, kwa kuwa inahusu Bukini, yaani Madagaska. Mwaka 1950 Mfaransa Octave Mannoni, aliyekuwa ameishi huko miaka mingi, alichapa kitabu cha saikolojia ya ukoloni. Alidai kwamba Wamalagasi kwa tabia yao wana haja ya kumtegemea mtu mkubwa, na kwamba mkoloni aliikuta haja hiyo ikimngojea. Alikusanya na ndoto za watoto wa kisiwa hicho: fahali weusi wanaomkimbiza mtoto, askari weusi wenye bunduki. Akazifasiri kwa kanuni za Freud, bunduki ikawa alama ya uume na fahali vivyo hivyo. Fanon aliuliza swali jepesi la tarehe. Mwaka 1947 Wamalagasi walikuwa wameasi, na maelfu wakauawa na majeshi ya Ufaransa, ambayo ndani yake walikuwamo askari kutoka Senegali. Basi bunduki ya ndotoni, alisema, ni bunduki. Hata aina yake inajulikana. Mtoto aliyeiota alikuwa ameiona mchana.

Tunaposema aliidai nadharia itoe hesabu, maana yetu ni hiyo. Hakuitupa. Aliendelea kuamini kwamba yako yaliyofichika nafsini na kwamba mgonjwa hupata nafuu kwa kusikilizwa. Lakini alikataa kumtafuta adui ndani ya mgonjwa wakati adui yuko mlangoni.

Baada ya kufanya kazi Saint-Alban chini ya François Tosquelles, tabibu Mkatalani aliyemkimbia Franco, Fanon alipangiwa mwaka 1953 hospitali ya Blida, Algeria. Wodi zake zilikuwa na wanawake wa Kizungu 165 na wanaume Waislamu 220. Alileta mbinu za Saint-Alban: mikutano ya wagonjwa, gazeti la hospitali, sinema, sherehe, kazi za mikono. Kwa wale wanawake mambo yalikwenda vizuri mno. Kwa wanaume hayakwenda kabisa. Walikaa kimya, gazeti hawakulisoma kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, na kusuka vikapu wakaona ni kazi ya kike. Fanon hakuwa na Kiarabu wala Kiberiberi, akitegemea mkalimani. Yeye na mwanafunzi wake Jacques Azoulay walichunguza wakatambua kwamba kosa ni la matabibu, waliotaka kumtibu Mwalgeria kana kwamba ni Mfaransa. Wakafungua mkahawa wa kienyeji ndani ya hospitali, wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu, wakamleta msimulizi wa hadithi. Kimya kikaanza kuvunjika.

Habari hiyo tunaielekeza kwa maofisa wa Serikali, wa Bara na wa Visiwani. Kijana wa Kihesa anaisoma nadharia ya nafsi kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza anafanyiwa mtihani. Kesho atapelekwa Mirembe, Dodoma, au Kidongo Chekundu, Unguja, na mbele yake ataketi mama wa Wete au mkulima wa Kilolo, anayeyasema machungu yake kwa Kipemba au kwa Kihehe. Ikiwa tabibu wa Blida, pamoja na akili zake zote, aliambulia kimya mpaka alipobadili njia, sisi tunatarajia nini? Vitabu vya Kiswahili vya somo hili, vilivyoandikwa na watu waliokaa na wagonjwa wetu, vinahitaji fedha, na fungu hilo haliwezi kuombwa na mwanafunzi.

Wako waliotumia elimu ya nafsi kinyume cha hivyo, tena jirani kabisa. Daktari J. C. Carothers aliiongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950, na alipokabidhiwa hakuwa na mafunzo ya utabibu wa akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapia kitabu juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alimlinganisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata Serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha taarifa yake juu ya Mau Mau, iliyoyatafuta maasi katika kasoro za nafsi ya Mkikuyu zaidi kuliko katika ardhi aliyonyang'anywa. Watu wa Iringa wana sababu yao ya kuukumbuka mwaka huo wa 1954. Ndio mwaka Gavana Twining alipolirudisha Kalenga fuvu la Mtwa Mkwawa, lililokuwa limewekwa katika makumbusho ya Bremen miongoni mwa mafuvu mengine, na likachaguliwa kwa vipimo. Kupima vichwa vya watu na kuandika taarifa juu ya akili zao zilikuwa kazi za ofisi moja. Fanon alimjibu Carothers kwa jina katika kitabu chake cha mwisho.

Mwaka huo huo wa 1954, tarehe 1 Novemba, vita vya ukombozi vya Algeria vilianza. Blida ikapokea waliotesa na walioteswa: mpigania uhuru asiyepata usingizi, na polisi wa Kizungu ambaye kazi ya kutesa ilimfuata nyumbani hata akampiga mkewe na watoto. Fanon aliwatibu wote. Mwishoni mwa 1956 alijiuzulu, kwa kuona kwamba haiwezekani kumponya mtu ili arudi katika hali iliyomwuguza, na Januari 1957 akafukuzwa nchini. Akahamia Tunis, akawa mtu wa chama cha ukombozi na mwandishi wa gazeti lake, na bado akafungua kliniki ya kutwa ya wagonjwa wa akili. Desemba 1958 alihutubia Accra katika mkutano wa watu wa Afrika nzima, kiti kikiwa kimekaliwa na kijana wa Kenya, Tom Mboya. Mwaka 1960 alikuwa balozi wa Serikali ya muda ya Algeria mjini humo.

Mwishoni mwa mwaka huo aligundulika ana saratani ya damu. Alitibiwa Moscow, na akiwa hana hakika ya miezi, aliandika kitabu ambacho kwa Kiswahili kilitafsiriwa na Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Wengi huishia sura ya kwanza, ile ya mabavu. Sura ya tano ndiyo yenye wagonjwa wake, mmoja mmoja, na ndiyo inayowahusu wanafunzi wa Kihesa.

Alifariki tarehe 6 Desemba, 1961, katika hospitali ya Bethesda, Marekani, akiwa na umri wa miaka 36, akiandikishwa kwa jina la Ibrahim. Siku tatu baadaye bendera ya Tanganyika ilipandishwa. Mwili wake ulirudishwa Tunis kwa ndege, na tarehe 12 wapiganaji wakauvusha mpaka kwa mabega, wakauzika ndani ya ardhi ya Algeria, ambayo ilikuwa imebakiza miezi saba kupata uhuru wake.