Alec Coppel: mwandishi wa filamu aliyelipigania jina lake

Wengi wetu tuliohamia Sydney tulishukia uwanja wa ndege wa Kingsford Smith. Uwanja huo una jina la rubani mashuhuri wa Australia aliyepotea na ndege yake mwaka 1935. Mwaka 1946 ilitoka filamu ya maisha yake, Smithy, na mmoja wa walioiandika ni Alec Coppel. Miaka 12 baadaye jina la Coppel lilionekana katika Vertigo, filamu inayohesabiwa miongoni mwa bora kuliko zote duniani. Hata hivyo, ukiuliza leo Vertigo ni ya nani, utaambiwa ni ya Alfred Hitchcock, basi. Ndiyo sababu tumeona tumkumbuke mwandishi huyu.

Coppel alizaliwa Melbourne mwaka 1907. Alipokuwa kijana alikwenda Uingereza kusomea udaktari Cambridge, lakini hakumaliza, akaingia kwenye kazi ya matangazo ya biashara. Mwaka 1937 mchezo wake wa jukwaani, I Killed the Count, ulimpatia jina mjini London. Ni kisa cha mauaji ambacho maiti ni mmoja lakini wanaokiri kuua ni wengi, na polisi hajui amkamate nani.

Vita vya Pili vya Dunia vilimrudisha Australia mwaka 1940. Hapa Sydney alishirikiana na Bi Kathleen Robinson kuanzisha Whitehall Productions, kampuni iliyoonyesha michezo katika ukumbi wa Minerva, upande wa Kings Cross. Jengo hilo bado lipo mtaa wa Orwell. Baada ya Smithy alifunga virago akarudi Uingereza.

Huko ndiko alikoonyesha ufundi wake wa kutisha watu. Mwaka 1949 hadithi yake ikawa filamu ya Obsession. Daktari wa London anagundua kwamba mkewe ana hawara. Anamteka mwanamume huyo, anamfunga mnyororo katika chumba cha chini kilichofichika, na kila siku anamletea chakula huku akileta pia tindikali kidogo kidogo. Tindikali hiyo anaimimina katika bafu, na bafu likijaa, mwili wa mateka utayeyuka humo. Hakuna jini wala popobawa. Kinachotisha ni ule upole wa daktari, anavyozungumza na mtu wake kama mwenyeji na mgeni.

Aliyeiongoza filamu hiyo, Edward Dmytryk, alikuwa Mmarekani aliyekosa kazi kwao. Alikuwa mmoja wa wanafilamu kumi wa Hollywood waliokataa kujibu maswali ya Bunge la Marekani kuhusu ukomunisti. Mwaka 1950 alifungwa, na mwaka 1951 akakubali kuwataja wenzake. Sisi tulioandika habari tukaishia ugenini tunaujua uzito wa uamuzi wa namna hiyo.

Kesi ile ilimgusa Coppel kwa njia nyingine. Hadithi yake ya The Captain's Paradise, kuhusu nahodha mwenye mke katika kila bandari (kisa ambacho wazee wa Mombasa na Unguja wasingekishangaa), iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa filamu za mwaka 1953. Alishindwa na hadithi ya Roman Holiday, na tuzo akapewa Ian McLellan Hunter. Kumbe Hunter alikuwa amekopesha jina tu. Mwandishi halisi alikuwa Dalton Trumbo, mwingine wa wale kumi, aliyepigwa marufuku kufanya kazi. Trumbo alifariki mwaka 1976, na tuzo hiyo ilitolewa kwa jina lake mwaka 1993.

Baadaye Coppel akaitwa na Hitchcock. Vertigo ilitokana na riwaya ya Kifaransa kuhusu mpelelezi mwenye hofu ya kimo, anayempenda mwanamke, anayeamini amemwona akifa, kisha anamlazimisha mwanamke mwingine avae na kuchana nywele kama marehemu. Wa kwanza kuandika alikuwa Maxwell Anderson, lakini kazi yake haikutumika. Coppel akakaa na Hitchcock wakapanga matukio. Mwisho akaja Samuel Taylor, akawapa wahusika uhai na maneno.

Kazi ilipokwisha, Taylor alitaka atajwe peke yake. Coppel hakunyamaza. Alipeleka malalamiko kwenye chama cha waandishi wa filamu, chama kikapitia kazi zote, kikaamua majina yawe mawili. Filamu ilipotoka mwaka 1958 haikusifiwa sana, na huenda wengi walimwona Coppel anagombea kitu kidogo.

Alifariki London mwaka 1972. Mwaka 2012, katika kura ya wahakiki iliyoendeshwa na jarida la Uingereza la Sight & Sound, Vertigo iliishinda Citizen Kane iliyokuwa imeongoza tangu 1962. Katika kura ya 2022 ilishika nafasi ya pili. Kila inapoonyeshwa, jina la Coppel linapita mbele ya macho ya watu, kwa sababu alilidai alipokuwa hai. Wenzetu wa kalamu, nyumbani na ughaibuni, tusione haya kudai letu. Trumbo lake lilirudishwa akiwa kaburini.