Mfagiaji wa Chicago Aliyerudisha Maua ya Porini

Mwaka jana mimi na wenzangu wa klabu ya mazingira tulifyeka kichaka cha nyuma ya bweni letu. Tulikiita uchafu. Kulikuwa na mkuyu mchanga, mikwaju miwili iliyojiotea yenyewe, na majani mengine ambayo hakuna kati yetu aliyeyajua majina. Tukapanda miche 40 ya ashoki kwa mistari iliyonyooka kama gwaride, tukapiga picha, tukazirusha kwenye status. Ilipofika Oktoba, miche 31 ilikuwa imekauka. Ndege waliokuwa wanatupigia kelele alfajiri, ambao kipindi cha UE tuliwalaani kweli kweli, hawakuonekana tena. Nani awalaumu? Tuliwabomolea nyumba na kantini kwa siku moja.

Nasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba siandiki habari za Jens Jensen kama mtaalamu wa bustani. Nasomea ualimu. Nilikutana naye kwenye kozi ya elimu ya watu wazima, tena kwa bahati. Mhadhiri alikuwa anaeleza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vile ambavyo serikali yetu ilianza kuvifungua mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden. Akaturudisha nyuma hadi Denmark, kwa mchungaji Grundtvig aliyetaka shule za watu wazima zisizo na mitihani, na hadi shule ya kwanza ya aina hiyo iliyofunguliwa Rødding mwaka 1844. Kisha akagusia kwamba mkulima mmoja wa maua aliibeba fikra hiyo akaenda nayo Marekani. Alitumia sentensi moja tu, akaendelea na mada. Mimi nikabaki na yule mkulima wa maua.

Jensen alizaliwa Septemba 1860 karibu na Dybbøl, katika jimbo la Slesvig ambalo wakati huo lilikuwa chini ya Denmark. Hakuwa hata ametimiza miaka minne Waprusia walipoivamia sehemu hiyo, na vita kubwa ya 1864 ikapiganwa hapo hapo kwao. Wadenmark walishindwa. Mtoto yule akakulia kwenye mashamba ya babu zake akiwa raia wa taifa jingine, bila familia yake kuhama hatua moja. Alisoma kwenye shule ya wananchi ya mtindo wa Grundtvig, kisha chuo cha kilimo cha Tune. Baadaye akalazimika kulitumikia jeshi la Ujerumani. Mwaka 1884 akaondoka na mchumba wake, Anne Marie Hansen, wakavuka bahari.

Huko Marekani hakupokelewa kwa zulia jekundu. Alifanya vibarua Florida, akaenda Iowa, mwishoni akatua Chicago na kuajiriwa na idara ya bustani za upande wa magharibi wa jiji. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia. Nawaomba wanaohofia ajira baada ya kuhitimu waishike hiyo: mtu ana elimu ya kilimo, anajua lugha zaidi ya moja, na ameshika ufagio.

Kutoka kwenye ufagio alipanda hadi kusimamia upandaji wa maua, na hapo ndipo lilipotokea jambo lililonifanya nicheke peke yangu maktaba. Bustani za Chicago enzi hizo zilipambwa kwa maua ya kigeni, yaliyopangwa kwa vitanda vya duara na nyota kama keki ya harusi. Jensen naye akapanda vivyo hivyo. Maua yakafa. Akapanda tena, yakafa tena. Udongo haukuyafaa, na majira ya baridi ya Chicago hayana huruma. Mwenzetu kabisa huyu, tofauti ni kwamba yeye hakupiga picha.

Mwaka 1888 akaamua kujaribu kitu kingine katika kona moja ya bustani ya Union Park. Alikwenda na gari la farasi nje ya jiji, kwenye zile mbuga za nyasi ndefu zinazoitwa prairi, akachimbua maua ya porini na kuja kuyapanda mjini. Hakuwa na pa kuyanunua, maana wauza miche waliyaona ni magugu. Sehemu ile aliiita Bustani ya Kimarekani. Mimea ile ikashika, na watu wakaipenda, kwa sababu wengi wao waliyatambua maua ya utotoni mwao shambani.

Hapa inabidi niache kidogo habari za mtu nieleze mambo ya wadudu, maana bila hayo kazi ya Jensen inaonekana ni urembo tu. Mimea haipendi kuliwa. Kila mmea una sumu zake, ndogo au kubwa, na wadudu wengi wamejifunza kwa mamilioni ya miaka kuzimudu sumu za mimea michache tu ya kwao. Kule Chicago kuna kipepeo wa rangi ya chungwa na nyeusi anayeitwa monaki. Viwavi wake hula jamii moja tu ya mimea ya porini, yenye utomvu mweupe. Uking'oa mmea ule, hata ukipanda maua elfu ya kigeni, kipepeo atakuja kunywa asali yake kisha aondoke, maana hana pa kutagia. Na viwavi ndio uji wa makinda ya ndege. Ndege wengi, hata wale wanaokula mbegu wakiwa wakubwa, hulisha watoto wao wadudu. Mkuyu wetu ndio mfano ulio wazi zaidi: una nyigu wake wadogo sana wanaoingia ndani ya tunda kuchavusha maua yaliyojificha humo. Bila nyigu hakuna mbegu, na bila mkuyu hakuna nyigu. Tunda likiiva wanakuja ndege, popo, tumbili, kila mtu na zamu yake. Ule mkuyu mchanga tulioufyeka ulikuwa njiani kufungua hoteli.

Jensen hakuwa mtaalamu wa wadudu. Lakini alikuwa na rafiki, Henry Cowles wa Chuo Kikuu cha Chicago, mmoja wa watu wa mwanzo Marekani kuchunguza jinsi mimea inavyofuatana na kutegemeana mahali pamoja. Walitembea sana pamoja. Wikendi Jensen alipanda treni na familia yake kwenda kuangalia nini kinaota karibu na nini, kwenye unyevu gani, kivuli gani. Ndiyo maana hakupanda mmea mmoja mmoja. Alipanda ujirani mzima.

Mwaka 1900 alifukuzwa kazi, akiwa msimamizi wa Humboldt Park, kwa sababu alikataa kushiriki ulaji wa wanasiasa walioigeuza idara kuwa shamba la bibi. Alikaa nje miaka mitano akitengeneza bustani za watu binafsi. Mwaka 1905 uongozi ulipobadilika akarudishwa, safari hii akiwa mkuu wa bustani zote za magharibi. Akajenga jumba kubwa la vioo la Garfield Park, lenye umbo la marundo ya nyasi kavu ya wakulima wa sehemu ile. Inasimuliwa kwamba ndani yake alimbomolesha fundi mawe ya maporomoko mara kadhaa, mpaka maji yalipoanguka kwa sauti aliyoitaka. Humo alipanda mitende na mimea mingine ya nchi zetu za joto. Kumbe hakuwa na chuki na mimea ya mbali. Aliiwekea tu chumba chake.

Kazi inayosifiwa kuliko zote ni Columbus Park, aliyoianza mwaka 1915. Alitengeneza mto unaofanana na mito ya prairi, akapanda miti midogo ya miiba ambayo matawi yake hulala ubapa kama upeo wa macho, akaacha uwanda wa majani. Ndani yake kuna kitu alichokiweka karibu kila mahali alipofanya kazi: duara la viti vya chini vya mawe, na moto katikati. Hakuna kiti cha mbele wala cha nyuma. Nimefanya mazoezi ya kufundisha kwenye darasa la wanafunzi 90 waliopangwa mistari, ashoki zingine hizo, na duara lile bado linanisumbua kichwani.

Kisha kuna vilima vya mchanga vya Indiana, kando ya Ziwa Michigan. Kimojawapo, kirefu kuliko vingine, kilikuwa kinachotwa na kupakiwa kwenye mabehewa kwenda viwandani kutengenezwa vioo, mpaka kikaisha chote. Mwaka 1913 Jensen na wenzake waliunda chama cha marafiki wa mandhari ya asili, na Oktoba 1916 akasimama mbele ya kikao cha serikali kutetea vilivyobaki. Bustani ya jimbo ilipatikana mwaka 1925. Ile ya taifa aliyoitaka haikupewa jina hilo mpaka 2019, miaka 68 baada ya kifo chake.

Hakuwa mtu rahisi. Alimtengenezea Henry Ford viwanja vya nyumba yake, bibi wa nyumba akataka bustani rasmi ya mawaridi, Jensen akasusa. Mwaka 1920 aliiacha tena idara ya jiji, siasa zilezile. Mke wake alipofariki mwaka 1934, yeye mzee wa miaka zaidi ya 70 alihamia Ellison Bay, Wisconsin, akafungua shule katikati ya msitu, akaiita The Clearing, yaani uwazi kati ya miti. Wanafunzi walilima, walipika, walichora, waliota moto. Jengo kuu liliungua mwaka 1937, wakajenga tena. Miaka hiyohiyo alichora bustani ya kumbukumbu ya Lincoln pale Springfield, Illinois, kwa mimea ya majimbo aliyoishi rais huyo, na watoto wakapanda mbegu za mwaloni zilizokuja kuwa msitu.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna jambo ambalo lilinifanya nifunge kitabu siku mbili. Katika miaka ya 1930 Jensen aliandika kwamba bustani zinapaswa kulingana na tabia za kirangi za wakazi wake, na alilalamikia mitindo ya watu wa kusini mwa Ulaya kuenea Marekani. Alihusianisha mimea ya asili na watu wa asili ya kaskazini. Miaka hiyo! Wakati Ujerumani wapo watunza bustani waliokuwa wanasema mambo kama hayo kwa nia mbaya kuliko yake. Wanazuoni wamebishana sana juu ya uzito wa maneno yale. Mimi nayasoma nikiwa Mwafrika na najua maneno ya namna hiyo yanaelekea wapi.

Na hata kwa hesabu zake mwenyewe hayasimami. Alikuwa mhamiaji kutoka Denmark. Wenyeji wa ardhi ile, Wapotawatomi, walisaini mkataba wa Chicago wa 1833 na kusukumwa magharibi, miaka 27 kabla yeye hajazaliwa. Mtu aliyeshuhudia utotoni jinsi jeshi linavyoweza kukugeuza mgeni kwenu alipaswa kuwa wa mwisho kupima watu kwa asili. Nyigu wa mkuyu haangalii damu ya mtu. Anautambua mkuyu kwa sababu ndani yake anaweza kuishi, basi. Ndiyo maana nakubaliana na bustani ya Jensen na kukataa aya zake, na sioni kuwa lazima nichague kimoja ili nikipate kingine. Pia hakuna anayenituma kukata miembe, ambayo nayo ilikuja na majahazi. Nasema tu kwamba kona moja iachiwe wa hapahapa.

Jensen alifariki tarehe 1 Oktoba 1951, palepale shuleni kwake, akiwa na miaka 91. Shule ipo hadi leo.

Kisiki cha ule mkuyu wetu kimechipua baada ya mvua za masika, machipukizi manne. Nimeyazungushia miba yasiliwe na mbuzi wa jirani. Chini ya kitanda changu kuna mbegu 25 za mkwaju kwenye pakiti za maziwa, nilizoloweka usiku mmoja kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kupanda. Mwenzangu wa chumba analalamika kwamba chumba kinanuka udongo, lakini jana nilimkuta ameinama anazihesabu. Zimetoka 14.