Ralph Bunche, Mpatanishi katika Nchi Takatifu

Mara nyingi wasomaji wetu husikia katika habari za ulimwengu ya kuwa Umoja wa Mataifa umepiga kura tena juu ya Palestina. Mataifa kadhaa yamekubali, mengine yamekataa, mengine yamejizuia kupiga kura. Kisha habari hiyo hupita, na baba wa nyumba aliyeisikiliza pamoja na watoto wake hubaki akijiuliza kura hizo zina kazi gani, ikiwa damu yaendelea kumwagika. Swali hilo ni la haki. Ili tulijibu vema, twaona yafaa kuyakumbuka maisha ya mtu mmoja aliyeiandika karatasi ambayo mataifa waliipigia kura ile ya kwanza, na ambaye baadaye alitumwa kuuzima moto uliofuata. Jina lake ni Ralph Bunche.

Mtu huyo alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 katika mji wa Detroit huko Marekani, katika ukoo wa watu weusi. Baba yake alikuwa kinyozi. Mama yake alifariki mwaka 1917, na baba yake hakuwapo tena kuwalea watoto. Ndipo bibi yake, mzaa mama, aliyekuwa amezaliwa katika siku za utumwa, akawachukua yeye na dada yake wakaenda kukaa Los Angeles. Bibi huyo alikuwa mwembamba wa mwili lakini imara wa moyo. Alimfundisha mjukuu wake asidharau mtu wala asikubali kudharauliwa. Kijana aliuza magazeti, akafanya kazi za nyumbani kwa watu, akasafisha majengo ya chuo ili apate karo. Mwaka 1927 alimaliza Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles akiwa mbele ya wenzake. Watu weusi wa mji ule, wengi wao wakiwa hawana kitu, walimchangia dola 1,000 aende kusoma Harvard. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kile kilizaa matunda. Mwaka 1934 alipata shahada ya udaktari kwa kuandika juu ya utawala wa Wafaransa katika Togo na Dahomey.

Kuna jambo ambalo wasomaji wetu wengi hawalijui. Bunche alipokuwa London mwaka 1937 akijifunza elimu ya mila za watu, alitaka kujua Kiswahili kabla ya kuja Afrika. Mwalimu wake katika lugha hiyo alikuwa Jomo Kenyatta, aliyekuwa naye mwanafunzi huko wakati huo. Mwaka uliofuata Bunche alifika Kenya, akakaa miongoni mwa Wakikuyu, akaona kwa macho yake jinsi watu wanavyotawaliwa pasipo kuulizwa neno. Hakuyasahau aliyoyaona.

Vita vya pili vya dunia vilipokuwa vikielekea mwisho, serikali ya Marekani ilimwita kwa sababu ya ujuzi wake wa makoloni. Mwaka 1945, huko San Francisco, alikuwa mmoja wa watu waliosaidia kuandika zile sehemu za Mkataba wa Umoja wa Mataifa zinazohusu nchi zisizojitawala na nchi za udhamini. Tanganyika ilikuwa mojawapo ya nchi hizo za udhamini, na Ruanda-Urundi vilevile. Tangu mwaka 1946 Bunche alikuwa mtumishi wa Umoja wa Mataifa wenyewe, akisimamia idara ya udhamini. Mwalimu Julius Nyerere aliposimama mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1955, alipita katika mlango ambao Bunche alikuwa mmoja wa maseremala wake.

Sasa tufike Palestina. Waingereza waliitawala nchi hiyo kwa amana waliyopewa na mataifa baada ya vita vya kwanza. Waarabu walikuwa wengi, nao waliitambua kuwa nchi ya baba zao. Wayahudi walikuwa karibu theluthi moja ya wakazi. Walikumbuka ahadi za kale, na baada ya watu wao milioni sita kuuawa huko Ulaya walitaka mahali pa kukaa bila hofu. Mwaka 1947 Uingereza ilishindwa kuwapatanisha, ikaleta shauri lote mbele ya Umoja wa Mataifa. Iliundwa kamati ya mataifa 11, ambayo haikuwa na hata moja la mataifa makubwa, na Bunche akatiwa miongoni mwa watumishi wake. Kamati ilitembea Palestina. Wayahudi walikuja kutoa maneno yao. Halmashauri Kuu ya Waarabu ilikataa kufika mbele yake.

Mwisho wake kamati iligawanyika. Mataifa 7 yalipendelea nchi igawanywe iwe dola mbili, ya Kiyahudi na ya Kiarabu. India, Iran na Yugoslavia zilipendelea iwe dola moja ya shirikisho. Australia haikuunga mkono shauri lolote. Na ni nani aliyeandika mashauri hayo? Bunche ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya yote mawili, la wengi na la wachache, kila moja kwa uaminifu uleule. Wengine waweza kuliona jambo hilo kuwa ni ajabu. Sisi twaona ndiyo heshima ya mtumishi wa haki, kwamba aweza kuyaeleza maneno ya kila upande jinsi wenyewe wangependa yaelezwe.

Tarehe 25 Novemba 1947 kamati ya Baraza Kuu ilipiga kura juu ya shauri la kugawa nchi: 25 walikubali, 13 walikataa, 17 walijizuia. Katika mkutano wenyewe wa Baraza ilihitajika theluthi mbili ya kura za kukubali na kukataa, na hesabu ile ilipungukiwa na kura moja. Siku zilizofuata zilikuwa siku za kusukumwa na kubembelezwa, hasa kwa mataifa madogo. Haiti na Liberia, zilizokuwa zimejizuia, na Filipino, ambayo haikuwapo, zote tatu zilikubali siku ya mwisho. Tarehe 29 Novemba majina ya mataifa yaliitwa moja moja mbele ya Rais wa Baraza, Oswaldo Aranha wa Brazil. Kura 33 zilikubali, 13 zilikataa, 10 zilijizuia, na taifa moja halikuwapo. Marekani na Urusi, zisizopatana kwa mengi, zilikubali pamoja. Uingereza yenyewe ilijizuia. Afrika ilikuwa na sauti nne tu. Misri ilikataa, Ethiopia ilijizuia, Liberia na Afrika Kusini zilikubali. Nchi zetu hazikuulizwa, maana hazikuwa na kiti.

Wayahudi walilipokea azimio hilo kwa furaha. Waarabu walilikataa, wakiona ya kuwa walio wachache wamepewa zaidi ya nusu ya nchi. Azimio lilitaka pia Yerusalemu, pamoja na Betlehemu, liwekwe chini ya ulinzi wa mataifa yote, lisiwe mali ya upande mmoja. Baba Mtakatifu Pius XII aliliombea jambo hilo katika barua zake za mwaka 1948 na 1949. Walakini Baraza lililopiga kura halikutuma askari wala fedha za kutosha kulitimiza lililoazimiwa, na vita vilianza kabla wino haujakauka. Tarehe 14 Mei 1948 dola ya Israeli ilitangazwa, na majeshi ya nchi za Kiarabu yakaingia. Katika vita hivyo Wapalestina zaidi ya 700,000 walipoteza makao yao.

Umoja wa Mataifa ulimchagua Mswidi, Folke Bernadotte, awe mpatanishi, na Bunche akafuatana naye. Tarehe 17 Septemba 1948 Bernadotte alipigwa risasi katika njia ya Yerusalemu na Wayahudi wa kundi la siri lililoitwa Lehi, akafa pamoja na mkuu mmoja wa jeshi la Ufaransa aliyeketi kando yake. Bunche alitazamiwa kuwa katika msafara ule, ila alicheleweshwa njiani. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji yale. Bunche alipewa kazi ya marehemu siku zilezile, naye hakuikataa.

Mwezi wa Januari 1949 aliwakusanya wajumbe wa Misri na wa Israeli katika hoteli moja kisiwani Rhodes. Mwanzoni Wamisri hawakupenda kuonana na Waisraeli uso kwa uso. Mwamba ngoma huvutia kwake, na kila upande ulivuta. Bunche hakuanza na mambo makubwa. Alianza na orodha ya mambo ya kuzungumzwa, akawafanya wote waitie sahihi, ili mikono yao izoee kuandika jina katika karatasi moja. Alizungumza na kila upande peke yake, akaandika, akafuta, akaandika tena, mara nyingi mpaka usiku wa manane. Kikosi cha Wamisri kilikuwa kimezingirwa mahali panapoitwa Faluja, na hilo peke yake lilitosha kuvunja mazungumzo. Yasimuliwa kwamba aliwaonyesha wajumbe sahani nzuri za udongo zilizofinyangwa kisiwani, akawaambia kwa mzaha ya kuwa wakipatana kila mtu ataondoka na sahani yake kama ukumbusho, na wasipopatana atawavunjia vichwani.

Tarehe 24 Februari 1949 Misri na Israeli zilitia sahihi mapatano ya kusimamisha vita. Lebanoni ilifuata tarehe 23 Machi, Yordani tarehe 3 Aprili, Siria tarehe 20 Julai. Mistari iliyochorwa katika mapatano hayo haikukusudiwa kuwa mipaka ya kudumu. Hata hivyo mataifa yazungumzapo leo juu ya Palestina, mistari hiyo ndiyo hutajwa.

Mwaka 1950 alipewa Zawadi ya Amani ya Nobel, wa kwanza miongoni mwa watu weusi kuipata. Alifikiri kwanza kuikataa, akiamini ya kuwa mtumishi wa Umoja wa Mataifa hafanyi kazi kwa ajili ya zawadi, mpaka mkubwa wake alipomshauri aipokee. Mwaka uliotangulia alikuwa ameikataa kazi ya cheo katika serikali ya Marekani, kwa sababu hakutaka kuwarudisha mke na watoto wake Washington, mji uliowatenga watu weusi. Mwaka 1965 aliandamana huko Alabama kudai haki ya watu wake ya kupiga kura. Huyu aliyeziandaa kura za mataifa alijua vema maana ya kunyimwa kura nyumbani.

Kazi yake haikuishia hapo. Mwaka 1956, baada ya vita vya Suez, alilipanga jeshi la Umoja wa Mataifa lililosimama kati ya Misri na Israeli. Mwaka 1960 alikuwako Leopoldville Kongo ilipopata uhuru, na machafuko yalipozuka alisafiri mpaka Elisabethville kutafuta suluhu. Mwezi wa Mei 1967 Misri ilitaka lile jeshi la kulinda amani liondoke, na mwezi uliofuata vita vikaja. Bunche, ambaye sukari ilikuwa imemdhoofisha mwili na kumfifisha macho, aliiona kazi ya miaka zaidi ya 10 ikivunjika kwa siku chache. Alifariki New York tarehe 9 Desemba 1971, siku ileile ambayo Tanganyika, nchi ya udhamini wa zamani, ilitimiza miaka 10 tangu kupata uhuru.

Je, Bunche alileta amani katika Nchi Takatifu? Hapana, wala hatutaki kuwadanganya wasomaji wetu. Alisimamisha vita, amani haikupatikana. Tarehe 11 Desemba 1948 Baraza Kuu lilikata shauri, kwa kura 35 dhidi ya 15, wakizuilika 8, ya kuwa wakimbizi waliotaka kurudi na kukaa kwa amani na jirani zao waruhusiwe, na wasiotaka walipwe fidia. Wengi wa wakimbizi hao walikufa kambini, na wajukuu wao walizaliwa kambini. Dola ya Kiarabu iliyopigiwa kura mwaka 1947 haikusimama. Tarehe 29 Novemba 2012, miaka 65 kamili baadaye, mataifa 138 yalikubali Palestina itambuliwe kuwa dola mtazamaji katika Umoja wa Mataifa. 9 yalikataa na 41 yalijizuia. Baada ya kura hiyo pia vita havikukoma.

Basi turudi katika swali la baba yule wa nyumba. Kura ya mataifa yaonyesha walio wengi ulimwenguni wanaliona jambo gani kuwa haki, na hilo si dogo, maana mwenye nguvu hupenda haki isitajwe kabisa. Lakini kura haimzuii mtu kushika silaha, wala haimrudishi mkimbizi nyumbani kwake. Baada ya kuhesabiwa, yahitaji watu wa kuichukua mpaka katika chumba cha mazungumzo na kukaa na maadui usiku na mchana, wasimpendelee mmoja wala kumchoka mwingine. Watu wa namna hiyo ni wachache, na mmoja wao aliuawa akiwa kazini.

Bunche hakuwa wa Kanisa letu, lakini Bwana wetu aliwaita heri wapatanishi bila kuuliza kwanza walikobatiziwa. Nchi aliyoihangaikia ndiyo nchi alimotembea Mwokozi, na ndani yake wanakaa hata leo Wakristo wa Kiarabu, ndugu zetu, wanaozidi kupungua kwa sababu ya vita na umaskini. Twawaomba wazazi, watoto wao wasikiapo hesabu ya kura za Palestina, wasiwaambie ni habari za mbali. Wawaeleze upande wa Mwarabu na upande wa Myahudi kwa uaminifu uleule, kama Bunche alivyoyaandika mashauri yale mawili, na jioni wawataje watu wa nchi ile katika sala ya jamaa.